Upande wa Pili wa Karatasi ya Breki

Jumatatu, 28 Machi 1955

Likizo ya Pasaka. Nimefika jana na treni, leo nimeshachoka kuulizwa maswali. Mama anasema nimekonda, chakula cha masista ni sala tupu. Majirani wa hapa Gongoni, Tabora, wanakuja mmoja mmoja, eti, “Paskazia, hebu sema Kizungu kidogo.” Natazama vidole vyangu vya miguu mpaka wanaondoka.

Jioni kaja mjomba Raymundi, mdogo wake mama. Ni askari wa wanyama pori. Tembo wakiingia mashambani mwa watu, yeye ndiye anayeitwa. Kaja na bunduki ya serikali, nzito kama mchi, kailaza juu ya kitanda changu! Mama kanitoa chumbani palepale. Kwao ni watu wa kuwinda tangu babu na babu, na mwanamke halali chumba kimoja na bunduki. Kwa hiyo mimi Mkristo wa darasa la nane nalala jikoni, bunduki inalala kitandani.

Nimemwona mjomba akila. Mkono wa kulia haupandi mpaka mdomoni. Yeye ndiye anayeinama kuufuata. Mwaka juzi mbogo alimtupa, mfupa wa mtulinga, ule wa begani, ukavunjika, ukaunga vibaya. Sasa kila akipiga risasi, bunduki inarudi kwa nguvu palepale penye mfupa na mkono unakufa ganzi. Mwezi uliopita alimkosa tembo aliye karibu kama kutoka hapa hadi kisimani. Alimwambia mama kwa sauti ndogo lakini nilisikia: alifumba macho kabla ya kupiga. Aliogopa bunduki kuliko tembo.

Bwana Nyama, Mzungu mkubwa wake wa kazi, amemwambia msimu huu ni wa mwisho kujaribu. Akishindwa, atarudisha bunduki na kupewa ufagio ofisini. Lakini si mtu mbaya. Amemwagizia dawa kutoka Ulaya. Si dawa ya kunywa — ni breki!

Baba amecheka mpaka kakohoa. “Lori lina breki, baiskeli ina breki. Sasa na bunduki nayo inateremka mlima gani?”

Ni kipande cha chuma, urefu wa kidole changu cha kati, kina matundu ubavuni. Kinafungwa mdomoni mwa mtutu. Moto wa risasi unatokea pembeni na bunduki haimsukumi mtu sana. Kinachotakiwa ni kukata meno ya skurubu mwisho wa mtutu ili breki izungushwe ikae. Bwana Nyama ameandika barua: kazi apewe fundi Silvesta. Fundi Silvesta ni baba yangu. Alijifanya kama jambo la kawaida, lakini alimwomba mama amfulie shati la kazini.

Ndani ya kiboksi kuna karatasi ya maelekezo. Kiingereza kitupu. Wote wakanigeukia mimi.

Jumanne, 29 Machi

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Baba kanichukua gereji ya Bwana Yahaya, pale anapofanya kazi na mashine ya kukereza. Nilidhani nitamsomea yeye peke yake. Kufika — wote wamejipanga! Bwana Yahaya mwenyewe na kanzu yake, mjomba, Shomari wa magurudumu, na wapakiaji watatu wa lori la karanga ambao hata siwajui.

Shomari akapangusa debe kwa shati lake. “Karibu mwalimu, keti. Leo tunasomewa na binti wa Malkia.”

“Soma kwanza kwa Kizungu,” mpakiaji mmoja akasema, “tusikie kinavyolia.”

Wakacheka. Si kwa ubaya, najua. Lakini sauti yangu ikaenda huko inakokwendaga. Nikasoma kwa Kiingereza mstari mmoja, wakapiga makofi, nikatamani debe linimeze. Kisha nikatafsiri. Meno mangapi kwa inchi, unene gani, urefu gani, kaza kwa mkono kabla ya spana. Baba alikuwa anaandika kwa chaki ukutani, herufi kubwa.

Nikafika chini ya ukurasa. Nikageuza.

Upande wa pili ulikuwa umejaa. Maandishi madogo, hakuna picha, maneno marefu ambayo sikuyajua kwa kutupa jicho. Ningelazimika kusimama, kufikiri, kukwama mbele ya wote. Shomari alikuwa ameshafungua mdomo kutania tena.

Nikaikunja karatasi. Nikasema, “Yameisha.”

Mungu wangu, ilikuwa rahisi namna ile!

Baba akaniuliza kitu kimoja. “Haisemi mtutu tuupime kwa nje au kwa tundu?”

Akawaeleza na wale wengine. Unapoufunga mtutu kwenye mashine lazima ujue katikati yake ni wapi. Waweza kupima kwa ngozi yake ya nje. Ni rahisi. Au waweza kuchonga ufito wa shaba unaoingia barabara ndani ya tundu, ukapima kwa huo. Kazi ya siku nzima. “Nje kulichongwa na mtu mmoja, tundu lilitobolewa na mwingine,” akasema. “Si lazima walikubaliana.”

“Haisemi, baba.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Akakuna kidevu. Alikuwa ameshapima upana wa tundu na kuuandika ukutani, peke yake pembeni, maana moyo wake ulitaka njia ile. Bwana Yahaya akasema, kwani waliotengeneza chuma hicho ni wajinga, fundi? Ingekuwa lazima wangeandika. Na lori la watu linangoja ekseli.

“Basi tufuate karatasi,” baba akasema.

Alisema karatasi. Lakini alinitazama mimi, kwa fahari.

Jumatano, 30 Machi

Baba kaanza kazi. Nimepeleka chakula, sikuingia. Nimesikia mashine kwa nje.

Karatasi iko ndani ya daftari hili. Sijaifungua.

Alhamisi, 31 Machi

Breki imekaa! Shomari kaja mpaka nyumbani kutangaza, kama vile harusi. Anasema ilijizungusha yenyewe kwa vidole viwili, haichezi, haikwami, huoni hata mwanya wa unywele. Bwana Yahaya kasema huko Nairobi hawana mkono wa namna hiyo.

Shomari alimwomba mjomba apige moja tu nyuma ya gereji wasikie. Mjomba akakataa. Kwao bunduki iliyotoka kwa fundi haipigwi hewani. Risasi yake ya kwanza ni ya mnyama. Ukiipoteza, bunduki inazoea kukosa.

Baba hakubisha. Ni shemeji yake, na ni mila ya upande wa mama.

Mama kapika kuku, Kwaresima hii! Alisema Mungu ataelewa. Mjomba kaweka mkono wake mzima kichwani kwangu. “Wewe ndiye umenirudishia kazi. Wewe na baba yako.” Nikasema asante mjomba. Nyama ya kuku ilikuwa kama pamba mdomoni.

Ijumaa, 1 Aprili

Nimesoma upande wa pili.

Baada ya Njia ya Msalaba nilikaa nyuma ya kanisa na kamusi ya shule. Kiingereza chake si kigumu hivyo. Ningekwenda polepole ningekiweza hata juu ya debe lile. Maneno saba tu sikuyajua. Saba!

Inasema hivi, naandika kwa Kiswahili ili nisijidanganye:

Usiamini sehemu ya nje ya mtutu. Meno yakatwe kwa kufuata tundu, la sivyo breki itakaa upande. Kabla ya kupiga risasi hata moja, pitisha ufito ulionyooka ndani ya mtutu hadi utokee kwenye breki. Ufito ukigusa ukingo wa breki, USIPIGE. Risasi itagonga chuma, na breki yaweza kupasuka na kumjeruhi mpigaji na walio karibu naye.

USIPIGE wameandika kwa herufi kubwa. Herufi kubwa, Paskazia.

Breki iko mdomoni mwa bunduki. Bunduki iko shavuni mwa mjomba.

Nilirudi mbio. Baba alikuwa bado gereji. Nikamkuta mama anachambua mchele, nikaanza, “Mama, ile bunduki ya mjomba, je ikija ikapa—” Akaniziba mdomo kwa kiganja, na punje za mchele zikaniingia. Mwindaji anaondoka kesho alfajiri. Katika nyumba anamolala hakitamkwi kitu kama hicho. Hata kwa mchezo. Hata kwa kunong'ona. Mama anavaa rozari shingoni, lakini kwa hili ni binti wa wawindaji kabisa. Amefagia nyumba tangu mchana ili asifagie tena mpaka mdogo wake arudi.

Baba aliporudi, mjomba alikuwa karibu naye muda wote. Wanacheka. Baba anamwonyesha jinsi ya kuipaka mafuta breki.

Labda mtutu wake umenyooka. Labda wale wawili walikubaliana. Si lazima iwe mbaya, karatasi inasema “yaweza”.

Labda.

Jumamosi, 2 Aprili

Kaondoka. Anakwenda kijiji cha Ntalikwa, tembo wamekula mahindi ya mtu anaitwa Masolwa usiku wa kuamkia juzi.

Nilisimama uani. Mama kanishika bega. Mwindaji akishavuka kizingiti haitwi nyuma. Akiitwa, akageuka, ndiyo basi, safari imekufa, na likimpata jambo ni la aliyemwita. Nilikuwa nimefungua mdomo. Niliona mgongo wake, bunduki, ile breki inang'aa mwishoni kama kidole kinachoonyesha juu. Akapita kwenye kona ya duka la Mwarabu.

Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Mama kasema, “Funga, inzi.”

Mchana nilipanga foleni ya kitubio. Wanawake kumi na wawili mbele yangu, nikawahesabu. Nikafikiri nitamwambia padre, ataniambia sali Salamu Maria tano, nitatoka mwepesi. Na mjomba? Salamu Maria zitamfikia Ntalikwa kabla ya tembo? Walipobaki watatu nikatoka kwenye foleni. Mama Bernadeta wa kwaya kaniuliza, “Umesahau dhambi zako nyumbani?” Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Mjinga kabisa.

Jumapili, 3 Aprili. Matawi

Nimemwambia baba.

Tulikuwa tunatoka kanisani, kila mtu na tawi lake. Nikamvuta koti. Nilisema yote kwa pumzi moja nikitazama vifungo vyake. Sikulia. Nilidhani nitalia.

Hakunipiga. Hakuuliza kwa nini. Akasema, “Nisomee. Polepole. Yote.”

Nikasoma, tumesimama jua kali, watu wanatupita na matawi yao wanatusalimia. Nilipofika USIPIGE akainua mkono, basi. Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Yahaya kuomba ufunguo wa gereji, Jumapili, na nguo za kanisani. Nilimfuata nyuma. Hakunikataza, hakunikaribisha.

Kile kipimo cha tundu kilikuwa bado ukutani, chaki. Akachonga ufito wa shaba mpaka saa kumi na moja. Mara mbili aliutupa akaanza upya. Baba yangu huimba akifanya kazi. Nilijua hilo kwa kuwa leo hakuimba.

Kwa mama alisema tu, kesho nakwenda Ntalikwa na Paskazia, kuna kitu nilisahau kumpa shemeji. Mama akatazama ufito. Akatazama baba. Akaacha ufagio aliokuwa ameushika bila kujijua.

Jumatatu, 4 Aprili

Ntalikwa. Naandika hapahapa, kwenye baraza ya Masolwa. Daftari nimekuja nalo kwa sababu ya karatasi.

Tulitoka kabla jua halijachomoza, mimi kwenye karia ya baiskeli, ufito umefungwa kwenye bomba la fremu kwa mpira. Kuna mahali tulishika njia ya zamani ya wapagazi. Babu yake baba alipita hapo na pembe begani. Safari nyingine baba angenisimulia. Leo nilisikia mnyororo tu.

Tulipofika, mkewe Masolwa, Minza, alikuwa shambani. Mahindi yamelala chini kama yamepigwa na mvua ya mawe. Baba kamsalimu, “Mwangaluka.” Akaitika, akatuonyesha kwa kidevu: wametoka sasa hivi. Na kweli, tukawaona. Mjomba mbele, Masolwa nyuma yake na shoka, wanaingia mwituni.

Mgongo tena.

Baba hakuita. Aliacha baiskeli ikaanguka na mimi juu yake, akakimbia. Akapita pembeni, ndani ya mabua, akiwazunguka mbali, mikono juu, na viatu vyake vya Jumapili. Sijawahi kumwona baba akikimbia. Akatokea mbele yao, akasimama njiani, anahema.

Nilipofika alikuwa anasema, “Sikukuita nyuma, shemeji. Nimekuja mbele yako.”

Mjomba alikuwa na hasira, lakini akasimama. Akatoa risasi ndani ya bunduki. Baba akapitisha ufito toka nyuma, taratibu. Ukateleza vizuri. Ukafika kwenye breki. Ukagota.

Baba akauzungusha. Ukagota tena, palepale. Ukingo mmoja wa breki umeingia njiani — labda unene wa kucha. Kucha yangu, si ya baba.

Kisha mjomba akacheka, kicheko kibaya. “Kwa hiyo mliniletea kifo, mkakikaza vizuri kabisa.”

“Kosa langu,” baba akasema. “Sikupima kwa tundu.”

Alisema hivyo. Mbele ya Masolwa na Minza. Kosa langu. Na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na karatasi mkononi, na nikanyamaza. Tena.

Baba akaifungua breki. Akamsihi: turudi Tabora, siku mbili, nitakata upya kwa njia inayotakiwa. Mjomba akasema Bwana Nyama anakuja Jumatano kuona. Nyayo ni mbichi, maji bado yanajaa ndani yake. Minza akauliza siku mbili hizo watoto wake watakula mabua? Basi mjomba akafunga kitambaa mwisho wa mtutu kulinda yale meno, akasema bega ni lake, na akaenda. Bila breki. Akirusha mkono wa kulia kuuamsha, kama mtu anayefukuza nzi.

Breki baba kanipa mimi nishike. Hakunitazama. Yuko kule kwenye mto, anaosha uso, ameosha muda mrefu sana.

Saa nzima sasa. Kunguru tu.

Nimesikia! Mlio mmoja. Mkubwa. Halafu tembo — sauti yake sikuijua, ni kama mlango mkubwa wa bati unaopasuliwa. Miti inavunjika. Halafu kimya.

Mlio mmoja tu.

Minza, aliyekuwa amewafuata kwa mbali, katoka mwituni anakimbia, khanga mkononi. Nikamwuliza mjomba yu hai? Sauti imetoka bila mimi kuisukuma. Yu hai, kasema. Amekaa chini ya mti, mkono wake unaning'inia. Tembo kapigwa lakini hakuanguka, ameingia kichakani, hayuko mbali, wanamsikia anavuta pumzi. Atarudi. Mjomba hawezi kuipiga tena ile bunduki ilivyo, mkono umekufa. Anataka breki.

“Iko wapi? Anasema iletwe upesi!”

Nikasema, imekaa upande, itapasuka.

“Kasema anajua. Kasema afadhali breki kuliko tembo. Lete, mtoto!”

Akanyoosha mkono. Ana damu kwenye vidole, sijui ya nani.

Nikasema hapana.

“Unataka mjomba wako afe mikono mitupu?”

Sijui. Sijui! Labda ndivyo ninavyofanya hivi sasa. Nikasema hapana tena, kwa nguvu, mpaka watoto wake wakatoka ndani kunitazama. Mume wake naye yuko kule, na shoka tu. Akanivuta mkono, nikaikalia breki. Nikamwambia, aliyesoma karatasi ni mimi, nikaacha nusu, baba hana kosa, baba aliuliza nikamdanganya. Minza hakuelewa hata neno moja. “Karatasi gani?” akasema. “Karatasi gani?” Akakimbia kwenda mtoni kumwita baba.

Naandika haraka, mistari inapanda.

Wanakuja. Baba yuko mbele. Minza ameshamwambia, naona anavyokimbia, na bado sijajua anakuja kuninyang'anya au kukaa hapa pamoja nami. Chuma kinaniumiza pajani. Sijasimama.